Ukuta wa Mbao Ndani ya Landrova

Tarehe 14 Mei 1973 nilimzika mke wangu nyuma ya boma letu, mashariki ya Kisaka, mahali ambapo sasa hapana mtu. Masika yalikuwa hayajakatika. Mto Mara ulikuwa umejaa, na mama yake, aliyekuwa ng'ambo kule Nyanungu, hakuweza kuvuka. Tulimsubiri mpaka ikawa haiwezekani kusubiri tena. Nilirudishia udongo yeye akiwa hajaona.

Mwaka uliofuata tulihamishwa. Tuliambiwa tukae pamoja kando ya barabara ili shule, zahanati na kisima viwe karibu, na kweli vilikuja kuwa karibu. Tulibeba milango, nguzo, vyungu na kuku. Ng'ombe walijibeba wenyewe. Kaburi halibebeki. Boma likawa mahame, nyasi zikaota mpaka mlangoni, na njia ya kwenda huko ikafutika kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuipita.

Wakati huo nilikuwa dereva wa misheni. Tulikuwa na landrova moja ya petroli, kuukuu, turubai nyuma, iliyopeleka dawa vijijini na kurudi na wagonjwa. Niliiendesha miaka mingi bila kuuliza inaendaje. Ukikanyaga mafuta inakwenda, ukikanyaga breki inasimama, Mungu akipenda. Kilichonifanya nianze kulala chini yake na kuitazama tumboni ni maneno aliyoniletea shemeji yangu, mdogo wa marehemu mke wangu, mwaka 1977 wakati wa kiangazi.

Alikuja kwa miguu kutoka Nyanungu. Alikunywa uji, akapangusa mdomo, ndipo akasema.

"Mama macho yameingia ukungu. La kushoto limeshazima. La kulia linaona mkono ukiwa karibu. Anasema anataka kupaona mwanawe alipolala, akiwa bado na jicho."

"Mwambie nimesikia."

"Alijua utasema hivyo. Amesema nisirudi na 'nimesikia'. Nirudi na majira."

Nilitazama mbingu kana kwamba zimeandikwa kitu. "Mwambie kabla ya mvua za vuli."

Kesho yake nilikwenda mahame kwa miguu ili nijue nimeahidi nini. Nyasi zilinipita kichwa. Ndani yake kulikuwa na mashimo ya ngiri ambayo tairi likitumbukia halitoki. Baadaye ilikuja mbuga ya udongo mweusi, iliyopasuka kwa ukavu, lakini najua udongo ule ukilowa unavyoshika mguu wa ng'ombe mpaka anavutwa kwa kamba. Halafu korongo, kingo zake zimesimama, chini kuna maji ya magotini na matope. Mama mzee asiyeona na mwenye magoti mabovu hawezi kupita huko, na landrova kama ilivyokuwa isingeweza pia.

Nikaenda kwa Baba Padri. Alikuwa mgeni mzee aliyejifunza Kiswahili kwa kitabu, na alikisema kwa usahihi uliotuaibisha. Nilimweleza kwamba nataka kuongeza vitu kwenye gari ili liweze kupita porini.

"Kwa ajili ya safari moja?"

"Kwa ajili ya safari moja, Baba. Lakini vitu vitabaki."

Alifikiri. Wagonjwa wetu wengi walikuwa ng'ambo ya makorongo. "Basi fanya," alisema. "Ila lisigeuke trekta. Na mimi lazima nilipande."

Tarime mjini kulikuwa na fundi mmoja Mjaluo, mtu mzima, mwenye gereji ya mabati na ulimi mkali. Alikuwa amefanya kazi Sirari na ng'ambo ya mpaka. Wakati huo mpaka ulikuwa umefungwa, na spea zilizokuwa zikitoka huko zilikuwa zimekoma. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akazunguka landrova kama mtu anayenunua fahali.

"Omera," aliniita kindugu kwa Kijaluo, "unataka hii gari ifanye nini?"

"Ipite nyasi ndefu, matope na maji."

"Na kupanda mti?"

"Hapana, mzee."

"Sema mapema. Maana nyinyi Wakurya mkishaanza hamsemi mwisho wenu ni wapi."

Tulianza na swali la kipi kwanza, kwa sababu huwezi kuongeza kila kitu. Chuma kina uzito, na gari likiwa zito ndilo linalozama. Hilo lilinishangaza. Nilidhani nguvu ni kuongeza tu. Fundi aliniambia nichague kama mtu anayesafiri kwa miguu: kila ninachotaka kukibeba, nijiulize kwanza nikikosa itakuwaje.

Nyasi zilikuwa rahisi. Mbegu zake huingia kwenye rejeta na kuziba matundu, injini inachemka. Tulifunga mbele ya rejeta wavu wa dirishani, ule wa kuzuia mbu, niliokuwa nao nyumbani. Ukijaa mbegu unaukung'uta na kuendelea. Kwa mawe na visiki fundi alichukua bapa mbili za plau zilizochakaa, zile zinazogeuza udongo, akazichomelea chini kukinga difu, lile tufe la gia katikati ya magurudumu, na sehemu ya mafuta ya injini. Zilikuwa zimeshapinda zenyewe kama mgongo wa kobe. Nilizipapasa nikafikiri ni ng'ombe gani waliozivuta mpaka zikang'aa vile.

Maji ndiyo yaliyonifundisha zaidi. Nilikuwa nikiamini injini inakufa majini kwa sababu moto wake unazimika, kama jiko. Fundi alifungua boneti na kunionyesha kopo kubwa jeusi la kuchujia hewa.

"Hapa ndipo inapumulia. Wewe ukizamishwa mdomo, unakufa kwa baridi?"

"Kwa kukosa pumzi."

"Hii ni mbaya zaidi. Ikivuta maji badala ya pumzi, inavunjika mifupa."

Nilikaa siku nzima nikilifikiria hilo. Niliwasha injini, nikaweka kiganja kwenye mdomo wa lile kopo, nikahisi kinavutwa. Miaka yote nilikuwa nikiendesha kitu kinachopumua na sikujua. Tulitafuta kipande cha bomba la kisima, tukakipandisha kando ya kioo cha mbele mpaka juu ya paa, na kukiunganisha chini kwa mpira wa tairi la ndani. Juu tuliweka kopo la maziwa kuzuia mvua. Fundi akanifundisha pia kulegeza mkanda wa feni kabla ya kuingia maji mengi, la sivyo feni inayarushia plagi na waya, gari linazimika katikati. Hiyo haikuwa na uzito wowote.

Winchi, mashine ya kulivuta gari kwa kamba, hatukuweza kuipata. Lakini kule Nyakunguru niliwahi kuwaona wachimbaji wa dhahabu wakiinua mawe shimoni kwa gogo lenye vishikio viwili, mmoja huku, mwingine huku, kamba inajizungusha. Nilikwenda kutazama tena, safari hii kwa makini, mpaka mchimbaji mmoja akauliza kama nimetumwa na serikali. Nikamwambia ninataka lile gogo lilale mbele ya gari. Wakacheka, wakaitana kunitazama. Mwishowe walinipa kipande cha kamba ya chuma waliyoacha kuitumia, na mimi nikamchukua mwenzao aliyevunjika mguu mpaka hospitali. Fundi alitengeneza gogo la chuma juu ya bampa, na meno ya kulizuia lisirudi nyuma. Aliponiona nafurahi akanionya: "Kamba hii ikikatika, usiwe umesimama mbele yake. Inapiga kama fimbo za Wakurya."

Ikabaki springi. Ya nyuma upande wa kulia, jani lake refu lilikuwa na ufa, na hapakuwa na jingine Tarime yote. Hapo nilitoa wazo langu mwenyewe. Kwetu mpini ukipasuka tunauvika ngozi mbichi ya ng'ombe. Ikikauka inajikaza kuliko chuma. Nilileta ukanda mrefu wa ngozi ya fahali aliyechinjwa siku ile, tukaizungushia springi ikiwa bado imelowa, nikavuta mpaka viganja vikachubuka. Fundi alisimama pembeni amekunja mikono.

"Nyinyi watu, kila jambo ng'ombe. Hata gari mnalivisha ng'ombe."

"Subiri ikauke, mzee."

Ilikauka. Iligeuka ngumu kama pembe. Niliigonga kwa nyundo, nyundo ikaruka. Nikaendesha hadi Kisaka nikiimba. Nililiacha gari nje ya ukumbi wa misheni, na asubuhi nilipotoka Misa nikaliona limeinama upande mmoja kama mtu aliyechomwa mwiba. Fisi walikuwa wamekula springi. Ngozi yote ilikuwa imetafunwa, bado mabaki machache na mate, na jani lilikuwa limefunguka kwenye ufa. Bapa za plau hawakuzigusa. Tairi hawakuligusa.

Baba Padri alichuchumaa karibu yangu, akatazama nyayo.

"Katika vitabu vyote vya magari," alisema, "sijasoma ugonjwa huu."

Nilipomwambia fundi, ilimbidi aketi. Wiki nzima aliwahadithia wateja. Lakini ndiye aliyekwenda mwenyewe kwenye lori bovu lililokuwa limeachwa njia ya Sirari, akafungua jani la springi, akalikata na kulitoboa mpaka likaingia. Lilikuwa gumu kuliko la mwanzo, gari likapanda juu nyuma kwa upana wa kiganja. Ikawa faida tusiyoitafuta. Ila springi na ucheleweshaji wake vilinilia mwezi mzima, na mawingu ya vuli yalikwisha kuanza kukusanyika upande wa ziwa.

Kulikuwa na kitu kimoja zaidi ambacho sikumwomba fundi. Nilikifanya mwenyewe.

Kwetu mkwe wa kiume na mama wa mkewe hawatazamani usoni. Hawali pamoja wala kupeana mikono. Wakikutana njiani mmoja anaingia porini mpaka mwenzake apite. Si chuki. Ni heshima, na kifo cha mke hakiiondoi. Tangu nioe nilikuwa nimemwona mama mkwe mgongo tu, na nilijua sauti yake kupitia ukuta. Sasa nilikuwa nimpakie ndani ya chombo ambacho pumzi ya wa nyuma inampiga shingoni wa mbele.

Nilichukua mbao nne za mvule zilizobaki kwenye mabenchi ya kanisa. Nikazisimamisha nyuma ya viti vya mbele, nikazikaza kwa boliti, na juu yake nikashona kipande cha turubai mpaka paani. Kioo cha kutazamia nyuma nikakitoa, maana kwenye kioo macho hukutana. Upande wa mama mkwe nikaweka godoro, na kamba ya kushikilia.

Baba Padri alichungulia ndani. "Na ukuta huu ni wa nini? Vumbi?"

"Ni wa mkwe wangu, Baba."

"Lakini huyo ni kama mama yako."

"Ndiyo maana."

Aligonga mbao kwa kidole. "Na akitaka kusimama, atasemaje?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. Tukapatana yeye na mimi pale pale: kugonga mara moja ni simama, mara mbili ni twende.

Tulimfuata mama mkwe Nyanungu tukizunguka kupitia darajani, mimi na shemeji. Nilisimamisha gari nikiwa nimeligeuza, mlango wa nyuma ukielekea nyumba, nami nikabaki kwenye usukani nikitazama mbele. Nilisikia fimbo yake ikija. Nilisikia akiuliza kwa Kikurya, "Hiki ndicho walichokila fisi?" na shemeji akijaribu kutocheka. Gari likaongezeka uzito kidogo sana, mpaka nikahofu hajapanda. Halafu mbao ziligongwa mara mbili.

Alilala Kisaka kwa jamaa zake. Asubuhi tukaingia porini.

Shemeji alitembea mbele akipiga nyasi kwa fimbo, akinionyesha mashimo kwa mkono. Nilivuta gia nyekundu, ile ya nguvu na mwendo mdogo, gari likatambaa. Wavu ulijaa mbegu tukaukung'uta. Kisiki kilikwaruza tumboni, bapa ya plau ikateleza juu yake, nami nikasikia nyuma ya mbao sauti ndogo ikisema, "Pole," sijui kwangu au kwa gari. Mbuga ilikuwa bado kavu. Korongoni maji yalikuwa ya magotini kama nilivyoyaacha. Nililegeza mkanda wa feni, tukashuka, maji yakapanda mpaka kwenye sakafu, injini ikapumulia juu ya paa, tukatoka ng'ambo. Nilishangaa kama mtu aliyeona kitu alichokisoma kikitokea.

Boma nililitambua kwa uzio wa minyaa. Kila kitu kingine kilikuwa kimelala. Pale palipokuwa zizi nyasi zilikuwa za kijani zaidi kuliko mahali pengine, na nyuma yake lilikuwepo rundo la mawe niliyoyapanga mwenyewe, limetawanyika kidogo, huenda kwa kukanyagwa na nyati.

Mbao ziligongwa mara moja kabla sijasimama. Sijui alijuaje.

Shemeji alimshusha. Mimi nilikwenda upande wa pili wa gari, nikageukia magharibi. Alikaa muda mrefu. Alizungumza na mwanawe. Niliyasikia machache, upepo ukachukua mengi, na hayo machache hayakuwa yangu. Nilisikia mawe yakigongana, nadhani alikuwa akiyapapasa moja moja na kuyarudisha juu. Kisha shemeji aliita.

"Anauliza, kichwa kiko upande gani?"

"Upande wa minyaa."

"Anauliza, ulimlaza vizuri?"

Sikuweza kupaza sauti. Shemeji ilibidi aje mpaka nilipo, nikamwambia, "Nilimlaza vizuri," akarudi nayo.

Mvua haikunyesha juu yetu. Ilinyesha milimani. Tuliporudi korongoni maji yalikuwa yamepanda na kugeuka rangi ya chai, nasi tuliona yakiendelea kupanda kwenye jiwe moja. Kulala ng'ambo ile na mama mzee, kwenye fisi wale wale, haikuwezekana. Nikalegeza mkanda, tukaingia. Maji yalifika kwenye taa. Injini haikukohoa. Lakini upande wa kutokea ukingo ulikuwa umelainika, magurudumu ya mbele yakapanda, ya nyuma yakachimba, tukasimama tumeinua pua, maji yakipita chini ya godoro.

Shemeji alikwenda na kamba ya chuma mpaka kwenye mgunga, akaifunga, akarudi kuzungusha gogo. Meno yalishika. Gari lilisogea, likateleza, likarudi lilipokuwa. Kamba ilikuwa imenyooka mpaka inaimba, nikamwita atoke mbele yake. Kilichokosekana ni kitu kigumu cha kutia chini ya magurudumu. Mawe yalikuwa ng'ambo, chini ya maji. Matawi tuliyokata yalimezwa.

Mimi na shemeji tulitazamana, kisha sote tukatazama mbao. Siwezi kudai nilikuwa naamua. Nilikuwa nimesimama tu na spana mkononi, maji yakinifika mapajani.

Mbao ziligongwa mara nyingi, bila hesabu tuliyopatana. Shemeji alikwenda nyuma, akarudi.

"Anasema toa mbao. Anasema mbao zitatuvusha, aibu tutaibeba wenyewe."

Nilifungua boliti nikiwa nimeinamisha kichwa. Turubai likaanguka. Alikuwa amejifunika kanga kichwani mpaka kifuani na kugeukia nyuma, akishikilia kamba. Mbao mbili tukazisukumiza chini ya gurudumu la kulia, mbili la kushoto. Shemeji akazungusha, nikaachia klachi taratibu, jani la springi la lori likalia, mbao zikalia, moja ikapasuka. Landrova ikapanda ukingo na kusimama kwenye nyasi, maji yakimwagika kila tundu. Mbao tatu nilizifuata kwa macho tu, zikielea kuelekea chini. Ile iliyopasuka ilibaki kwenye tope.

Nikakaza mkanda wa feni. Shemeji akakunja kamba, akapanda pembeni yangu. Nyuma yetu hapakuwa na ukuta tena, nilisikia pumzi ya mama mkwe, na nguo iliyolowa ikichuruzika. Niliweka gia, lakini sikuondoka. Nilikuwa nimezoea kusubiri.

Akanyoosha mkono kutoka ndani ya kanga, akapapasa palipokuwa na ukuta, hakuukuta. Akapapasa mpaka kwenye bodi ya gari karibu na bega langu, akagonga chuma mara mbili.

Nikaondoka.